Maneno ya Chini ya Picha

Walt Stubley hakuwahi kusema neno hata moja kuhusu kifua cha binti yake, na hilo si jambo dogo, maana kwa miaka mitatu, nusu ya wanaume wa Uingereza hawakuwa na mazungumzo mengine wakati wa chai. Alikuwa mchimba makaa wa Hackersley, Yorkshire, mtu wa maneno machache na njiwa wengi. Kila siku alisoma gazeti la Daily Whistle, mbio za farasi kwanza, mpira baadaye, kisha akalipeleka kwenye banda la njiwa na kulitandika sakafuni. Ila siku ambazo binti huyo, Gaynor, alitokea ukurasa wa tatu, ule wa picha za wasichana vifua wazi, Walt aliichomoa karatasi hiyo, akaikunja bila kuitazama, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Njiwa waliruhusiwa kumfanyia haja waziri mkuu, na askofu pia. Binti yake, hapana.

Gaynor alisimuliwa habari hiyo na mama yake, Maureen, kwa simu, na Maureen alicheka mpaka akapaliwa. Gaynor hakucheka. Alijua hiyo ndiyo barua pekee ya mapenzi ambayo baba yake angemwandikia maishani, na aliitunza moyoni.

Alikuwa na miaka ishirini alipoacha kiwanda cha biskuti. Alishinda shindano la urembo pwani, siku ya mvua, akiwa na vipele vya baridi mwili mzima, na mpiga picha mmoja akampa kadi. Watu wa Hackersley walishangaa kwa wiki mbili, wakasengenya kwa wiki sita, kisha wakazoea. Wachimba makaa walibandika picha yake pale wanapochukulia taa za kushukia shimoni, wakaiondoa kila Walt alipoingia zamu, wakairudisha akishashuka. Kasisi alianza kununua Daily Whistle, kwa ajili ya kriketi, alisema, hata wakati wa theluji, ambapo kriketi haichezwi.

Basi kifua si tatizo. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu wako watu wakisikia habari za wasichana wa ukurasa wa tatu wanajitayarisha kusikitika, na huzuni yenyewe wanaiweka mahali pasipo pake. Balaa la Gaynor lilitoka chini ya picha, kwenye maneno arobaini yanayochapwa hapo.

Pale Daily Whistle kulikuwa na desturi. Msichana akishapigwa picha, anavaa sweta lake, anakunywa chai, anakwenda zake. Baada ya siku kadhaa mtu mmoja aitwaye Clive Rudkin, mwenye upara na kikohozi cha sigara, alikaa mezani na kumwandikia msichana huyo maoni. Hakumuuliza. Kwa nini amuulize? Alikuwa na nafasi ya maneno arobaini na njaa ya mchana. Kwa kalamu ya Clive, Gaynor alikuwa amelaumu bei ya siagi, amesifu jeshi la wanamaji, amewaonya Wafaransa, na amekiri kwamba hapati usingizi akifikiria thamani ya pauni. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikaa na umri huo miaka mitatu mfululizo. Wenyewe wasichana walitaniana kwa maneno hayo, wakaulizana, “Leo umesema nini, dada?” Gaynor hata hakuyasoma. Aliona picha, akaangalia kama nywele zimekaa sawa, akafunga gazeti. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilijutia.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa themanini na nne, wachimba makaa waligoma. Serikali ilitaka kufunga mashimo, nao wakatoka, na kufikia Desemba walikuwa na miezi tisa bila mshahara. Daily Whistle iliwatukana kila siku, kurasa mbili za mwanzo. Wanaume wa Hackersley waliziruka kurasa hizo na kutua kwenye ya tatu, na hakuna aliyeona ajabu. Pesa ya kununua hawakuwa nayo tena, na gazeti moja la klabu ya wachimba makaa lilipita mikono thelathini kabla halijafika kwa njiwa wa Walt.

Ijumaa moja ya Desemba Gaynor alipanda treni kwenda nyumbani, na mifuko miwili ya vyakula vya kopo kwa ajili ya jiko la mgomo. Wanawake walipika kila siku katika ukumbi wa wachimba makaa, viazi, soseji, maharage, na Maureen alikuwa mmoja wa wakubwa wa sufuria. Gaynor aliingia ukumbini akitabasamu, hana hili wala lile. Visu vya kumenyea viazi vikasimama. Ivy Bramall, jirani yao, mwanamke aliyempangusa kamasi tangu utotoni, alikuja akaitazama ile mifuko.

“Rudi na makopo yako, Gaynor,” akasema. “Hapa bado tunavaa makoti.”

Gaynor akadhani ni utani wa zamani, ule wa nguo. Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Mama yake akafuta mikono kwenye aproni, akamshika kiwiko, akamtoa nje, na huko kwenye barafu akamsomea kutoka kwenye kipande alichokikata kwenye gazeti la dukani, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya kifo. Kilikuwa cha juzi, Jumatano. Picha ilipigwa wiki tatu nyuma, na Gaynor alikuwa ameshaisahau. Chini yake Clive alikuwa ameandika: “Mrembo Gaynor wa Hackersley, 21, hana subira na wachimba makaa waliogoma. ‘Mimi nafanya kazi bila hata shati na sijawahi kugoma,’ anasema. ‘Wao wana makoti, wanalalamika nini? Rudini kazini, jamani!’”

“Mama, mimi sikusema hivyo.”

“Najua.”

“Hata hatuulizwi. Wanaandika wenyewe.”

“Mimi najua, mwanangu. Kamwambie baba yako.”

Walt alikuwa bandani. Nyumbani hakukuwa na moto, kwa sababu ile posho ya makaa ya bure kutoka mgodini nayo ilikatwa siku ya kwanza ya mgomo, na banda lenye njiwa arobaini lilikuwa na joto kuliko sebule. Gaynor alifungua mlango na jambo la kwanza aliloliona lilikuwa yeye mwenyewe. Ukurasa wa tatu ulikuwa umetandikwa katikati ya sakafu, uso juu, umenyooshwa vizuri pembe zote nne, na njiwa walikuwa wameshafanya kazi yao tangu jana. Hakuna tusi la Ivy Bramall lililomfikia pale lilipofika hilo.

Alieleza. Alieleza habari za Clive, za siagi, za wanamaji. Walt alimsikiliza huku akimpapasa njiwa mmoja wa kijivu.

“Jina ni lako?” akauliza.

“Ni langu.”

“Mji ni huu?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi watu wakisoma wafanyeje? Wayakamate maneno, wayaulize yametoka wapi?” Akamrudisha njiwa kwenye kitundu chake. “Nimesimama pale kwenye geti la mgodi miezi tisa. Wenzangu wamepigwa na polisi wa farasi. Jana kijana mdogo kuliko wewe ananiambia, Walt, binti yako katuambia turudi. Kama hukusema, waambie waandike kwamba hukusema. Ikishaandikwa, njoo. Kabla ya hapo usimtie mama yako aibu pale ukumbini.”

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Gaynor aliyaacha makopo kwenye ngazi za nyuma, akarudi kituoni kwa miguu, na treni nzima hadi London alilia bila kujificha, akiwa na hasira na Clive, na hasira zaidi na nafsi yake, maana miaka mitatu alikuwa ameangalia nywele.

Jumatatu, ofisini Daily Whistle, alimkuta Clive akila andazi. Clive si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi kwa watu wa namna yake, huwezi hata kuwachukia kwa raha. Alisikitika kweli. Alisema hakujua kwamba Hackersley ni mji wa makaa, alidhani ni mahali pa kondoo. Lakini alipoyasoma tena yale maneno mdomo ulimcheza kidogo, na Gaynor akaona kwamba bado anaupenda ule mzaha wake. Marekebisho hayako mikononi mwake, alisema. Akampeleka kwa mhariri.

Mhariri, Malcolm Frayne, alimkaribisha kiti na hakumwomba msamaha. Alimweleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini baharini kuna chumvi, kwamba ukurasa wa tatu haujawahi kusahihishwa tangu uanze.

“Tukiandika kwamba hili hukulisema, mrembo, watu watauliza kama yale mengine uliyasema.”

“Sikuyasema.”

“Ndiyo maana hatuwezi kuandika.” Akakunja mikono. “Na usijisumbue. Maneno yale hakuna anayeyasoma.”

“Baba yangu kayasoma.”

“Basi ni yeye peke yake.”

“Kama hakuna anayesoma,” Gaynor akasema, “una hasara gani ukiyabadilisha?”

Frayne alitazama saa yake, akamfungulia mlango. Gaynor alisimama kwenye ngazi, na jengo zima likaanza kutetemeka chini ya viatu vyake, kwa sababu huko chini kwenye mitambo walikuwa wanafanya majaribio kabla ya chapa ya kwanza ya jioni. Alisikiliza ule mtetemeko kidogo. Badala ya kutoka nje akashuka nao.

Waswahili husema mficha uchi hazai, na katika Uingereza yote usingempata mtu aliyeupuuza ufichaji kuliko Gaynor Stubley. Ghorofa ya chini walikuwa wapiga chapa, wanaume mia mbili wenye wino hadi masikioni, na chama chao, tangu enzi za mababu, kiliitwa Kanisa. Kiongozi wake aliitwa Baba wa Kanisa. Wakati huo cheo kilikuwa cha Reg Tolliver, ambaye hakuwahi kusikika akimtaja Mungu ila alipojigonga kidole. Hawa walikuwa na nguvu kuliko mhariri. Wakikunja mikono kwa saa mbili tu, kesho yake nchi haisomi. Na mlangoni pao kulikuwa na ndoo nyekundu ya kuwachangia wachimba makaa, imejaa hadi nusu.

Gaynor alipoingia walianza kupiga miluzi, halafu wakamtambua hata bila nywele zake za picha, wakanyamaza kwa heshima, wengine wakavua kofia. Alikuwa kwenye kuta zao pia, mara sita au saba. Alimwendea Reg, akampa kile kipande cha gazeti alichopewa na mama yake.

“Soma,” akamwambia.

Reg akatazama picha. “Nzuri sana, bibie.”

“Chini, Reg. Soma chini.”

Reg akavaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikitembea, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Akampa jirani yake, naye akampa mwenzake. Kikafika kwa Sid Gammage, mpanga herufi mwenye umri wa miaka sitini, ambaye ndiye aliyeyaunda maneno hayo Jumanne ile, herufi baada ya herufi, kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kwa vidole vyake mwenyewe. Wiki hiyohiyo Sid alikuwa ametia mchango wake kwenye ndoo.

“Sikusoma,” Sid akasema.

“Ulipanga wewe,” Reg akamwambia.

“Nilipanga. Lakini sikusoma. Ukurasa wa tatu…” Akaitazama sakafu. “Sote tulikuwa tunaangalia picha.”

Wanaume mia mbili walisoma viatu vyao. Walikuwa wameuzuia ukurasa wa kwanza mara mbili mwaka huo kwa sababu ya wachimba makaa, na kumbe tusi kubwa kuliko yote lilipita mikononi mwao likiwa limevuliwa shati, nao wakalisindikiza mlangoni kwa miluzi. Gaynor alikuwa amekuja kuomba. Alipowaona walivyoona haya, alijua hahitaji kuomba. Akasema tu kwamba baba yake ameitandika picha yake chini ya njiwa.

Reg alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa kichafu kuliko miwani yenyewe, akamwambia mtu wa mtambo mkubwa auzime. Ukimya ulipanda ngazi hadi kwa Frayne kwa muda usiozidi dakika tatu. Alishuka na koti lake mkononi, Clive nyuma yake akikohoa. Reg alimweleza kwamba Kanisa halina ugomvi wowote na gazeti, ila leo, hadi binti huyu apate maneno arobaini yake, mahali palepale, karatasi haitatembea. Frayne alitisha, akabembeleza, akataja mawakili. Magari ya kusambaza magazeti yalianza kupanga foleni barabarani, yakipiga honi. Saa kumi na moja na robo akashindwa.

“Arobaini,” akamwambia Gaynor. “Hata moja zaidi, hapana. Na yatakaa chini ya picha, maana huo ni ukurasa wa tatu, si kitabu cha dua. Tunayo moja kabatini. Lakini uelewe, mrembo. Hiyo itakuwa ya mwisho. Hapa, na kwa wenzangu wote wa magazeti mengine watakaonipigia simu kuniuliza habari zako.”

Gaynor alielewa vizuri. Hakuwa na kazi nyingine, na kiwanda cha biskuti kilikuwa kimefungwa. Aliogopa, wala sitasema hakuogopa. Akaomba kalamu.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakulitegemea. Miaka mitatu amesema kila kitu, kuhusu siagi, kuhusu Wafaransa, na sasa karatasi iko mbele yake, kalamu mkononi, wanaume mia mbili wanangoja, na hajui aseme nini. Mambo ya serikali hakuyajua vizuri. Clive akajisogeza, akamnong’oneza kwamba anaweza kumsaidia, ana uzoefu.

“Wewe kaa pale,” Gaynor akamwambia. “Hesabu tu.”

Akaandika, akakata, akaandika tena, akiwa ameketi juu ya rundo la karatasi. Clive alihesabu kwa kidole, akaguna, akahesabu tena. Yalikuwa arobaini kamili. Sid Gammage aliyapanga mwenyewe, na safari hii, kabla ya kuyafunga kwenye fremu, Reg alimwamuru ayasome kwa sauti, Kanisa zima lisikie. Sid akasoma, akiwa kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi:

“Naitwa Gaynor Stubley. Nina miaka ishirini na mitatu, si ishirini na mmoja. Yale ya wachimba makaa sikuyasema, hakuna aliyeniuliza. Baba yangu ameshuka shimoni miaka thelathini na mmoja. Mimi nikisikia baridi, kamera husimama, naletewa chai. Yeye hajawahi kuletewa hata siku moja.”

Mtu mmoja alipenga kamasi. Reg akamwashiria fundi, mtambo ukaamka, na Daily Whistle ikatoka ikiwa imechelewa dakika arobaini na mbili. Clive alimfuata Gaynor hadi mlangoni, akasimama akizungusha sigara ambayo hakuiwasha, akamwambia kwamba pale penye chai ni pazuri, yeye asingefika. Kwa mtu wa kazi ile, hiyo ilikuwa toba.

Simu ya Gaynor haikulia Jumanne, wala Jumatano, wala Alhamisi. Wapiga picha waliokuwa wakimwita kipenzi waligeuka kuwa watu wenye shughuli nyingi sana. Frayne ni mtu wa ahadi zake. Ijumaa alifungasha sanduku, na Jumamosi alishuka kituo cha Hackersley, theluji inaanguka, hajui kama anarudi au anakuja kuaga. Mama yake hakupiga simu. Hakujua hata kama gazeti la klabu lilifika mikono ya kumi, seuze ya thelathini.

Hakupita ukumbini. Alizunguka nyuma, kwenye banda. Walt alikuwa amechuchumaa, anabadilisha maji ya njiwa, mgongo mlangoni, wala hakugeuka. Gaynor akatazama chini.

Alikuwa pale. Picha ya Jumanne, katikati ya sakafu, uso juu, pembe zimenyooshwa kama ile ya kwanza, na njiwa wameshampitia. Akashika nguzo. Basi hata hayo hayakutosha, aliwaza, na hana mengine, arobaini yote ameshayatoa. Kisha akaona chini ya picha, pale penye maneno, pana tundu. Si la kuchanika. Lilikatwa kwa wembe, pande nne, na mkono uliopima.

“Baba,” akasema.

Walt aliinuka, mkono mmoja kwenye goti. Akatoa mfukoni kile kibati chake cha tumbaku, ambacho hakikuwa na tumbaku tangu Mei, akakifungua, akamwonyesha. Ndani kulikuwa na kipande cha gazeti, kimekunjwa mara moja tu. Pembe zake zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi kwa kushikwashikwa. Gaynor akaionyesha ile picha sakafuni kwa kidole.

“Hiyo wanayo watu wote,” Walt akasema, akafunga kibati, akakirudisha mfukoni mwa ndani. “Nenda ukumbini. Ivy kakutafutia kisu, viazi ni vingi leo.”